Sanduku la Babu

Mpwa wangu yuko Calgary, Kanada. Juzi alinitumia picha ya sanduku la kioo alilomnunulia mwanawe: gogo, jiwe bapa, taa ya joto, na juu ya jiwe mjusi mwenye ndevu, wale wa Australia, katulia kama mzee anayesubiri chai. Akauliza kama niliwahi kusikia maajabu hayo, mtu kufuga mjusi ndani ya nyumba. Nilicheka peke yangu kwenye karakana. Kitukuu cha Myeye huyo, na hana habari.

Babu yangu alikuwa wa Buyeye, chama cha Wasukuma cha watu wa nyoka. Siku hizi wengi wanamjua tu nyoka wa mbina, ngoma za mashindano. Mavuno yakiisha, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kuvuta watazamaji, mmoja anafungua sanduku, anajivika chatu shingoni, na umati wote unahamia upande wa pili. Hiyo ilikuwa burudani. Kazi yenyewe ilikuwa dawa. Watu walilima pekupeku, na mtu akigongwa na swila au kifutu, alikimbizwa kwa Bayeye, wanachama wa Buyeye. Wao wenyewe walichanjwa: chale za wembe, kisha ikasuguliwa dawa ya lukago iliyotiwa sumu ya nyoka. Mafunzo yalikuwa ya siri, katika nyumba zenye kuta zilizochorwa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika habari za Buyeye mwaka 1946, na mwaka 1953 kitabu chake juu ya michoro ile kikachapishwa London. Babu hakupata kukiona. Nami sikupata kumwona babu akichora.

Nilichokiona ni sanduku, na kwa kuwa mimi ni seremala, ndilo ninaloweza kulisemea. Lilikuwa la mninga, urefu wake mkono na nusu, bawaba za ngozi ya ng'ombe, na matundu kumi na mawili yaliyotobolewa kwa chuma cha moto. Chini alimwaga majivu kwa ajili ya siafu. Kwenye kona moja kulikuwa na nusu ya chungu kilichovunjika, kimefudikizwa. Chatu aliingia humo akajikunja, kwani nyoka asiye na pa kujificha mara nyingi hagusi chakula hata umletee panya mnono. Macho yakimpauka kama maziwa, ujue anakaribia kujivua gamba, na siku hizo hata babu hakumshika. Alimlisha baada ya mbina, kamwe si kabla. Msimu ukiisha alimrudisha kwenye mawe alikomtoa.

Kazi yangu ilikuwa kulitoa sanduku uani asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja ya mawingu nililiweka chini ya mwembe, nikaenda kucheza mpira wa matambara. Chatu alikuwa amemeza panya siku mbili nyuma. Jioni tulipofungua, panya alikuwa nje, amelegea, manyoya yameng'oka, na harufu ile hadi leo naikumbuka. Nilisubiri fimbo. Babu akashika kiganja changu akakilaza juu ya mgongo wa nyoka: baridi kama mtungi wa maji. "Huyu hana moto wake," akasema. "Anauazima."

Bugarama ile ya utoto wangu haipo tena. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001, na vijana ambao wangerithi lukago walikwenda kutafuta mawe. Nyoka akionekana leo, linaitwa beleshi. Kumwona chatu akichezwa, labda uende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, Mkanada kama majirani wa mpwa wangu. Wala siwezi kumshika chatu nikamtia sandukuni kama babu. Tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, bila kibali utaisikia. Hata mjusi wa kwenye majabali yetu, mwenye kichwa chekundu, ni wa familia moja na yule wa Calgary, lakini mpwa asidhani nitamtumia mmoja: mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje, na mimi naona ilikuwa sawa.

Sanduku ninalo bado, naweka patasi na randa. Mpwa aliponiuliza taa aitundike wapi, katikati au pembeni, nilikuwa naanza kuandika kwamba hayo ya taa siyajui. Kisha nikaligeuza sanduku, nikatoa patasi zote, nikahesabu matundu. Kumi na mawili, yote upande mmoja, ule ule wenye kipande cha chungu. Upande uliokabili jua haukutobolewa hata tundu moja.

Nikamwandikia: pembeni.