Nyota ya Mkia Juu ya Kampala

Watu wa Ulaya, wakikumbuka nyota ya mkia waliyoiona ujanani, hutaja theluji na makoti mazito. Mtu wa Kampala hana theluji ya kutaja. Mji huu umekaa kilomita 35 hivi kaskazini ya mstari wa Ikweta, na miezi ambayo kwao ni ya baridi kali, Desemba hadi Februari, kwetu ni kiangazi: mvua za vuli zimekwisha, nyasi zachomwa mashambani, na jioni ukungu wa moshi hutanda chini kwenye upeo, ilhali utosi wa mbingu ni safi. Zaidi ya hayo, jua la huku halichwi kwa kuzungukazunguka. Huanguka wima nyuma ya vilima vya Rubaga na Namirembe, na baada ya saa moja na dakika chache giza limetimia. Kwa kuwa nyota za mkia aghalabu hung'aa zikiwa karibu na jua, pahala penye machweo mafupi ni pahala pa bahati, hasa panapoonekana nyota za kaskazini na za kusini pamoja. Kwa maumbile yake, basi, Kampala ilistahili kuwa mji wa watazamaji. Lakini usiku wa mji una historia yake, na si kila zama usiku huo ulikuwa mali ya wenyeji.

Mwaka 1910 zilikuja nyota mbili za mkia. Ya kwanza, iliyoonwa mapema na wachimba madini wa Transvaal, iling'aa katikati ya Januari hata ikaonekana mchana kando ya jua; ya pili, ile ya Halley, ilitanda mwezi wa Mei, na mkia wake ukakata sehemu kubwa ya mbingu. Daudi Chwa, Kabaka wa Buganda, alikuwa bado mtoto, Apolo Kaggwa na wenziwe wakishika utawala kwa niaba yake, na hapakuwa na taa ya umeme ya kuushinda usiku. Hakuna aliyehitaji kioo. Mwenye kupenda kuunganisha mambo hakukosa la kuunganisha: mwezi huo huo wa Mei akafariki Mfalme Edward VII, na mwezi wa Septemba radi ikalipiga kanisa kuu la Namirembe, lenye kuta za matofali na paa la nyasi, likateketea. Vivyo hivyo, nyota ya Ikeya-Seki, iliyogunduliwa na Wajapani wawili wasiokuwa wanafalaki wa kazi, ilitokea alfajiri za Oktoba na Novemba 1965, na miezi saba haijatimia Lubiri ya Mengo, kasri ya Kabaka, ikashambuliwa. Mimi siafiki kisirani cha namna hii. Mwanafalaki Halley alikwisha kuonyesha, mwaka 1705, kwamba nyota yake hurejea kwa hesabu. Na mgeni aliyetangaza siku ya kufika kwake miaka 76 kabla hawezi kushtakiwa kwamba ameletwa na ugomvi wa jana.

Hata hivyo, nakiri kwamba marejeo ya 1986 yaliijaribu akili ya mtu.

Januari ile, jua lilipochwa, nyota ya Halley ilikuwako upande wa magharibi, si mbali na Mushtari, hafifu kama tone la maziwa lililopanguswa kwa kidole. Jicho tupu liliipata kwa shida. Darubini ya macho mawili, ile ikuzayo mara saba kwa vioo vya milimita 50, iliitoa wazi. Chombo hicho chafaa kuliko darubini kubwa ya miguu mitatu, kwa sababu nyota ya mkia si nukta bali ni ukungu, na ukungu wataka uwanja mpana na nuru nyingi kuliko ukuzaji. Mtazamaji huegemeza viwiko ukutani, hungoja nusu saa macho yazoee giza, kisha hutazama kando kidogo ya pahala penyewe, maana pembe ya jicho huona kilicho hafifu kuliko kitovu chake. Kesho yake hurejea kupima imehama kadiri gani.

Lakini kuegemea ukutani, nje, gizani, katika Kampala ya Januari 1986! Mapatano ya serikali na waasi wa NRA, yaliyotiwa sahihi Nairobi mwezi uliotangulia, yalikuwa yamevunjika; tangu tarehe 17 majeshi ya NRA yaliusogelea mji, na tarehe 26 yakautwaa. Mwingereza George Alcock aliwahi, mwaka 1983, kugundua nyota ya mkia kwa darubini ya mikono akiwa ndani ya nyumba yake, dirisha limefungwa. Huku kwetu mwenye darubini alidhaniwa ama askari, ama bwana nyama, ama mpelelezi, na huyo wa tatu hakuulizwa habari za falaki. Kila jioni ya juma lile la vita nyota ilizidi kuinama kwenye wekundu wa machweo, na Museveni, kiongozi wa NRA, alipoapishwa mbele ya jengo la Bunge tarehe 29, ilikuwa imekwisha kumezwa na nuru ya jua.

Ilitokea tena mwishoni mwa Februari, upande wa mashariki, saa ambayo waitikiao adhana ya alfajiri ya msikiti wa Kibuli wanashuka njiani, na mkia wake sasa ulikuwa mrefu. Tarehe 11 Aprili ilipita kilomita milioni 63 kutoka duniani, juu upande wa kusini, usiku mwingi. Watu walikuwa wameanza kutoka nje. Bali Aprili ndiyo kilele cha masika ya Kampala, na zilizofunga mbingu safari hii zilikuwa mvua.

Desemba 2023 nyota hiyo ilifika mwisho wa mwendo wake, mbali kupita Neptuni, ikageuka. Italizunguka jua mwezi wa Julai 2061, na Julai, kwa kalenda ya Kampala, mvua huwa zimepungua.