Mikutano ya Raia ya Glarus na Appenzell

Demokrasia ya moja kwa moja, yaani utaratibu ambao raia hupitisha sheria wenyewe badala ya kuwaachia wawakilishi kazi hiyo, ina mizizi mirefu katika mabonde ya milima ya Uswisi, ambako tangu Zama za Kati wanaume wenye haki ya uraia walikutana uwanjani kuchagua viongozi na kuamua mambo ya kantoni, jina la jimbo lenye katiba na serikali yake. Mkutano huo, Landsgemeinde kwa Kijerumani, uliachwa na Schwyz na Zug mwaka 1848, na Uri mwaka 1928, na nyingine tatu katika miaka ya 1990, hata ukabaki Glarus na Appenzell Innerrhoden pekee.

Glarus ndiyo inayowapa watetezi wa utaratibu huu hoja zao nzito. Kantoni hiyo ilikuwa na viwanda vingi vya pamba katika karne ya 19, na mwaka 1864 mkutano wake ulipitisha sheria iliyoweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku na kupiga marufuku kazi ya usiku viwandani, ikiwalinda hata wanaume watu wazima, ambao sheria ya Uingereza ya wakati huo haikuwawekea ukomo wa namna hiyo. Shirikisho zima la Uswisi lilifuata mwaka 1877 kwa ukomo wa saa 11. Huko Glarus mpiga kura yeyote anaweza kupanda jukwaani na kupendekeza muswada ubadilishwe. Mwaka 2006 serikali ilitaka kupunguza manispaa 25 ziwe 10, raia mmoja akapendekeza ziwe 3, na mkutano ukakubaliana naye, jambo ambalo ni vigumu kulitarajia katika bunge lolote lenye nidhamu ya vyama.

Hata hivyo, kura ya kuinua mkono haina siri: mwajiri humwona mfanyakazi wake na mkopeshaji humwona mdeni wake, na hesabu yenyewe kwa kawaida hukadiriwa kwa macho.

Kasoro iliyo kubwa zaidi, yaani wengi kuamua juu ya haki za wachache na za wasio na kura, haitokani na uwanja, kwa kuwa ilijitokeza pia kwenye masanduku ya kura. Hoja ya wananchi, yaani haki ya raia kudai marekebisho ya katiba kwa kukusanya saini, ilianzishwa katika shirikisho mwaka 1891, na ya kwanza kushinda, mwaka 1893, ilikataza kuchinja mnyama kabla ya kumtia ganzi, katazo lililowaelemea Wayahudi. Mwaka 2009 asilimia 57.5 ya wapiga kura walikataza ujenzi wa minara ya misikiti. Wanawake nao walisubiri ridhaa ya wanaume, ambao takriban theluthi mbili yao walikataa kuwapa kura za shirikisho mwaka 1959, kisha wakakubali mwaka 1971. Appenzell Innerrhoden, ambako upanga wa mwanaume hutumika kama kadi yake ya kura, iliendelea kuwafungia mlango katika mambo ya kantoni na kukataa tena Aprili 1990, mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoamua mwezi Novemba mwaka huohuo kwamba wana haki ya kushiriki. Kwa hiyo mkutano uliojivunia kutokuwa na msimamizi juu yake ulipanuliwa na majaji ambao haukuwachagua, na mwaka 1991 wanawake wakapiga kura humo kwa mara ya kwanza.