Hospitali Ni Ileile, Mtu Ndiye Mpya

Leo nataka nikupe historia kidogo. Ni historia ya majirani zetu hapa Afrika Mashariki, na inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analililia: furaha.

Ukisikiliza maombi yetu hapa Kisaju, utaona kwamba furaha tumeiwekea masharti. Nitafurahi ploti ikipata hatimiliki. Nitafurahi deni la simu likiisha. Mfugaji anasema atafurahi mvua ikinyesha, na nani atamlaumu? Ukame uliotupiga hadi mwanzoni mwa 2023 uliacha mizoga ya ng'ombe kote Kajiado. Naye dada anayetoka nyumbani gizani kuwahi matatu ya kwenda EPZ kule Athi River anasema atafurahi akipata kazi nyingine, maana bosi wa hii ni mkali na msongamano wa magari pale Kitengela unammaliza.

Haya yote ni ya kweli, mpendwa. Siwezi kukuambia kwamba unayawaza tu. Lakini nakuuliza: je, furaha hungoja mambo yanyooke ndipo ije? Twende Rwanda tukaone.

Gahini ni kilima kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha hospitali hapo katika miaka ya 1920, wakati Wabelgiji walipoitawala nchi hiyo. Mwaka wa 1928 akafika daktari kijana kutoka Uingereza aitwaye Joe Church. Hakupata muda wa kuzoea. Njaa kubwa ya 1928 hadi 1929 iliikumba sehemu hiyo ya Rwanda, na watu waliodhoofika walifika hospitalini wakitafuta chakula kabla ya dawa. Wengine walifia njiani.

Njaa ilipopungua, Church alikuwa amechoka mwili na roho. Angalia, huyu hakuwa mpagani. Alikuwa mmisionari, anaomba, anasoma Neno, anatibu wagonjwa. Lakini ndani alikuwa amekauka. Unaweza kuwa kanisani kila Jumapili, tena kwenye kwaya, na ndani ukawa umekauka hivyo hivyo.

Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Nsibambi alikuwa na kiu kama ya kwake. Wakakaa pamoja siku mbili, wakasoma Maandiko juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Mzungu na Mwafrika, enzi za ukoloni, kila mmoja akikiri kwamba anamhitaji Mungu sawasawa na mwenzake. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri. Church akarudi Gahini, kwenye hospitali ileile.

Sasa sikiliza habari ya mtu ambaye watu wengi hawamjui. Pale Gahini palikuwa na msaidizi mkuu wa hospitali aliyeitwa Yosiya Kinuka. Mambo hospitalini hayakuwa mazuri. Kulikuwa na manung'uniko, na Kinuka mwenyewe alikuwa na malalamiko mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Uganda akamtembelea Nsibambi, akamweleza jinsi mambo ya Gahini yalivyo mabaya.

Labda alitarajia kuhurumiwa. Mimi na wewe tungemwambia, "Pole sana ndugu, hao watu wanakuonea." Nsibambi hakusema hivyo. Alimwambia kwamba shida ya hospitali ile ilianzia katika dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye Kinuka. Hebu fikiria neno hilo lilivyomuuma! Umesafiri mwendo wote huo kupeleka mashtaka, na wewe ndiwe unayewekwa kizimbani.

Lakini neno lile halikumwacha. Akiwa njiani kurudi, Kinuka alijisalimisha kwa Bwana. Alifika Gahini mtu mwingine, akatubu mbele ya wenzake, na wenzake wakaona mabadiliko katika kazi yake. Kwa miaka mingi baadaye alihubiri pamoja na Church, na mwishowe akawa mchungaji.

Kumbuka kwamba kuta za hospitali hazikubadilika kwanza. Wagonjwa hawakupungua kwanza. Aliyebadilika kwanza ni mtu, na kazi ileile iliyokuwa mzigo ikawa mahali pa kumtumikia Mungu kwa furaha.

Moto ule haukukaa Gahini. Ndugu yake mdogo Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu pale. Alifariki kwa homa Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini kifo chake hakikuzima kitu. Mwaka huohuo uamsho ulipamba moto, na mwaka wa 1937 timu ilifika hapa kwetu Kenya, pale Kabete. Ulifika Tanganyika pia. Huo ndio Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulikuwa zaidi katika kanisa la Kianglikana na makanisa mengine ya wamisionari, lakini sisi Wapentekoste nasi tunakunywa maji ya chemchemi hiyo. Kila mara tunapoimba "Tukutendereza" harusini au kaburini, tunaimba wimbo wa watu hao. Ni neno la Kiganda, maana yake ni kwamba tunamsifu Yesu.

Kwa nini walikuwa na furaha namna hiyo? Hawakuwa na siri kubwa. Waliungama dhambi waziwazi. Aliyeiba alirudisha mali. Aliyemchukia mwenzake alikwenda nyumbani kwake kusema naye. Walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo, wakaambiana ukweli, wakashukuru kwa sauti. Jambo hilo waliliita kuenenda nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Mtu asiye na kitu cha kuficha hulala usingizi, hata kama godoro ni jembamba.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, hiyo furaha inaweza kustahimili shida kubwa? Tuangalie historia tena.

Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa hapa Kenya. Katika nchi ya Wakikuyu, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao pia walikataa kushika bunduki upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili. Wengine walipigwa, na wengine waliuawa. Katikati ya hayo yote, waliendelea kukutana, kuimba na kuwaombea waliowatesa.

Kisha kuna Festo Kivengere. Ninyi wafugaji mtampenda huyu, maana alikuwa mtoto wa wafugaji wa magharibi mwa Uganda, na utotoni alichunga ng'ombe. Uamsho ulimpata, na baadaye akawa askofu wa Kigezi. Tarehe 10 Februari 1973, wakati wa Idi Amin, wanaume watatu waliletwa kwenye uwanja mjini Kabale kupigwa risasi mbele ya umati. Kivengere aliomba ruhusa azungumze nao. Alisimulia kwamba aliwaendea kwa nyuma, akiwaza atawaambia nini watu wanaokufa baada ya dakika chache. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Mmoja wao akamshukuru, akamweleza kwamba alimpokea Yesu akiwa gerezani, dhambi zake zimesamehewa, na akaomba mkewe aambiwe asiwe na wasiwasi, bali naye ampokee Yesu. Askofu alikwenda kuwafariji, wao wakamfariji yeye. Waliinua mikono yenye pingu kuwapungia watu, kisha risasi zikalia.

Mpendwa, pingu hazikufunguliwa. Hukumu haikufutwa. Lakini furaha ilikuwapo.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana fundisho hili likishikwa vibaya huumiza watu. Wapo wanaomwambia mke anayepigwa, "Badilisha mtazamo wako, furahi." Wapo wanaomwambia kibarua asiyelipwa, "Shukuru tu." Hilo silo fundisho la Gahini. Nsibambi alimwonyesha Kinuka dhambi ya Kinuka. Hakumfundisha kuita uovu wa wengine kuwa wema.

Tazama Kivengere huyohuyo. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wa Uganda waliandika barua kwa Amin kupinga uonevu na mauaji. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akalazimika kukimbia nchi, akivuka mpaka kwa miguu kuingia Rwanda. Baada ya hapo aliandika kitabu, akakiita kwa jina linalosema kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walishangaa. Lakini mtu huyo ndiye aliyeupinga uovu wa Amin kwa maandishi. Kumsamehe hakukumfunga mdomo, na kusema ukweli hakukumjaza chuki. Furaha ya Kikristo ina nafasi ya yote mawili.

Ndivyo alivyoishi Mtume Paulo. Waraka wa Wafilipi, uliojaa habari za kufurahi, aliuandika akiwa kifungoni. Soma 4:11-13 polepole. Anasema kuridhika katika hali yoyote ni jambo alilojifunza. Basi hata Paulo hakuzaliwa nalo! Alilijifunza, kama mtoto anavyojifunza kuchunga: leo anapoteza mbuzi mmoja, kesho anajua njia. Tena hasemi aliweza kwa sababu ana tabia ya uchangamfu. Anasema yuko anayemtia nguvu.

Basi wiki hii, mpendwa, tujifunze kwa vitendo. Kabla hujamwomba Mungu akubadilishie bosi, muulize kama kuna kitu moyoni mwako anachotaka kubadilisha kwanza. Kama umechukua cha mtu, hata kama ni deni la mama mboga la shilingi mia moja, lirudishe. Kuna jirani wa ploti ambaye hamsemeshani kwa sababu ya mpaka? Mwendee wewe kwanza. Ukiamka, kabla hujashika simu, taja kwa sauti mambo matatu ya kumshukuru Mungu. Tena tafuta ndugu mmoja au wawili wa kuambiana ukweli. Mambo mengine si ya kutangaza kwenye status.

Na kama umedhulumiwa, usikae kimya kwa jina la furaha. Mweleze chifu, mweleze mzee wa kanisa, nenda mahakamani ikibidi, lakini usiibebe chuki kwenye faili pamoja na karatasi zako. Na wewe ambaye huzuni imekushika wiki baada ya wiki, hulali, huli, huoni maana ya kuishi, omba, na pia nenda hospitali. Usione haya. Uamsho huu ninaokusimulia ulichipuka kwenye hospitali, mkononi mwa daktari aliyekuwa anaomba na kutoa dawa.

Huenda kesho msongamano wa Kitengela utakuwa uleule, na upepo wa Kisaju utapiga mabati yaleyale. Lakini anayepanda matatu anaweza kuwa mtu mpya, kama Yosiya Kinuka alivyorudi mtu mpya kwenye kazi yake ya zamani.

Tuombe. Bwana Yesu, tunaomba mvua, tunaomba kazi, tunaomba amani nyumbani. Lakini kabla ya hayo, anza na moyo wangu. Nionyeshe dhambi yangu, unioshe, unirudishie furaha ya wokovu. Nipe nguvu ya kusamehe na ujasiri wa kusema ukweli. Kwa jina la Yesu. Amina.

Ubarikiwe, mtu wa Mungu. Kama kuna mtu unayepaswa kumpigia simu leo mpatane, mpigie kabla jua halijatua.