Chujio la maji ya mashine ya boti: Naivasha na kwetu pwani

Jamaa wa pwani huniuliza: Naivasha ni maji baridi, chujio la nini? Gugumaji, nawajibu. Mizizi yake hukatika nyuzinyuzi ikavutwa na maji ya kupoza mashine. Na mashine ikichemka katikati ya ziwa alasiri, upepo umeshapanda na viboko wako jirani, si mzaha.

Kwa mashine ya ndani mimi huchagua chujio kubwa kuliko linavyodai bomba, lenye kikombe cha kuonea uchafu. Wavu wa matundu madogo mno huziba upesi. Huku plastiki yatosha. Kwetu Lamu au Mombasa tafuta bronzi, si shaba ya njano, kwani chumvi huila zinki iliyomo ikabaki ya kuvunjika mkononi.

Kusafisha: zima mashine, funga koki ya chini ya boti kwanza. Chujio likiwa chini ya usawa wa maji na koki i wazi, boti itajaa. Sugua wavu, kagua mpira wa kifuniko, kaza kwa mkono tu. Spana hupasua kikombe. Fungua koki, washa, utazame maji yakitoka kwa nguvu.

Mashine za kufungwa nyuma, ambazo ndizo nyingi huku, zina vitundu mguuni tu. Vipige brashi kila urudipo.