Jina Mkononi: Habari za Bangili za Utambulisho

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

Leo naanza na mkono wako. Unakumbuka siku ulipovuka mpaka na kufika kituo cha mapokezi? Wengi wetu tulivalishwa mkanda wenye namba, tukaambiwa tusiukate mpaka tuandikishwe. Mimi niliuvaa hadi ukawa mweusi. Basi jua kwamba kuna watu waliolipa pesa zao wenyewe ili wavae kitu cha namna hiyo, tena cha fedha, na wakajivunia.

Mambo yalichangamka vitani. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilianza kuwapa askari wake vibao viwili vidogo vya kuvaa shingoni, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Askari akifa, chekundu kilichukuliwa ili kifo chake kiandikwe, cha kijani kilibaki na maiti. Kabla ya hapo kilikuwa kimoja tu. Kikishachukuliwa, maiti ilibaki haina jina. Shida ni kwamba vibao hivyo havikuwa vya chuma, na jasho na matope viliviozesha. Kwa hiyo askari wengi walijinunulia bangili za chuma, au walizitengeneza kwa mabaki waliyookota, wakachonga majina yao. Waliogopa kuzikwa bila jina. Wewe uliyeacha ndugu njiani huhitaji kuelezwa hofu hiyo.

Huku Afrika Mashariki, karibu miaka hiyo hiyo, chuma chenye jina kilikuja kwa mlango mwingine. Kuanzia mwaka 1920 hivi, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kazi yake na mshahara wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Haikuwa bangili, lakini ni ndugu yake. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, ukiondoka unatafutwa na polisi. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikipinga hadharani, akakamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21, wengine wakasema ni wengi zaidi. Mmoja wao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia moyo wanaume wasirudi nyuma. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kipande cha shingoni kikaanza kwenda zake. Neno limebaki: hadi leo kuna Wakenya wanaoita kitambulisho chao kipande.

Turudi kwenye bangili za hiari. Baada ya vita vya pili zilikuwa fasheni kabisa, hasa Marekani, ambako kijana alimpa mchumba bangili yenye jina lake. Mwaka 1956, huko California, daktari Marion Collins alianzisha shirika la MedicAlert. Binti yake alikuwa amekaribia kufa kwa dawa ya pepopunda ambayo mwili wake uliikataa, naye akamchongea bangili ya kuwaonya madaktari. Kisha mwaka 1970 wanafunzi wa California wakaanza kueneza bangili zenye majina ya askari waliotekwa au kupotea Vietnam. Ulivaa jina la mtu usiyemjua, ukaahidi kutolivua mpaka arudi. Zilienea karibu milioni 5. Mwaka 1973 wafungwa karibu 600 walirudi, na wapo waliopokea kwa posta bangili za watu wasiowajua. Mimi habari hii ndiyo inanigusa kuliko zote. Nafikiria majina ambayo mama yangu huyataja jioni, na mgeni fulani mbali huko angeyavaa.

Baada ya hapo bangili hizo zilipungua. Vita iliisha, fasheni ikabadilika, na jina likahamia kwenye kadi, simu na mashine. Hapa Uganda, tangu uhakiki wa mwaka 2018, mkimbizi anatambuliwa kwa vidole na kwa mboni ya jicho.

Lakini mashine haipo barabarani. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ana kifafa, alianguka Old Taxi Park hapa Kampala. Watu walisimama mbali, kwa maana wengi bado wanaamini povu linaambukiza. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyemgeuza alale ubavu na kukaa naye mpaka akazinduka.

Nilimtafutia fundi anayechonga majina, nikamwambia aandike jina, ugonjwa na namba ya simu ya mama. Mdogo wangu akakataa. "Kaka, unataka kunivalisha mkanda tena? Kila mtu asome ugonjwa wangu?" Tulibishana mbele ya fundi hadi fundi akachoka. Mwishowe alichagua mwenyewe: nje jina lake na namba ya mama, ndani, upande unaogusa ngozi, neno moja, KIFAFA. Anaivaa kila siku. Akienda kucheza mpira anaivua, na mimi nimeacha kumgombeza.

(Muziki.)