Fasihi ya Kijapani katika safari ya garimoshi

ABIRIA anayekwenda kazini kwa garimoshi hupata, asubuhi na jioni, muda usio na mwenyewe. Nchini Japani, muda huo kwa miaka mingi umetengwa na wengi kwa kusoma. Reli ya kwanza ya nchi hiyo, kati ya Shimbashi jijini Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa mwaka wa 1872. Mnamo 1927, shirika la uchapishaji la Iwanami lilianzisha mfululizo wa vitabu vidogo vya bei nafuu viitwavyo 'bunko'. Kitabu cha aina hiyo huwa na upana wa milimita 105 na urefu wa milimita 148 hivi, kwa hivyo hushikika kwa mkono mmoja hata abiria akiwa amesimama.

Si ajabu basi kwamba garimoshi lenyewe limeingia katika hadithi. Riwaya ya Natsume Soseki, Sanshiro (1908), huanza kijana akisafiri kwenda Tokyo kusoma chuo kikuu. Katika hadithi fupi ya Ryunosuke Akutagawa, Mikan (1919), abiria aliyechoshwa na maisha anamdharau msichana maskini aliyeketi mbele yake, hadi msichana huyo anapowarushia wadogo zake machenza kupitia dirishani. Seicho Matsumoto naye, katika Ten to Sen (1958), aliisuka kesi nzima ya mauaji kwa ratiba ya magarimoshi.

Kazi hizi zinapatikana kwa Kiingereza. Mwenye safari fupi aanze na Akutagawa, kwani hadithi hiyo humalizika kabla ya vituo vingi kupita. Mwenye safari ndefu amchukue Matsumoto.

Hata hivyo, msomaji wa tafsiri asisahau kwamba kati yake na mwandishi ameketi mtu wa tatu. Chukua Yukiguni ya Yasunari Kawabata, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1968. Sentensi yake ya kwanza haitaji garimoshi wala msafiri. Msomaji hujihisi yeye mwenyewe akitoka handakini na kupokewa na theluji. Edward Seidensticker, aliyeitafsiri mnamo 1956, alilifanya garimoshi kuwa mtenda. Msomaji akawa mtazamaji.

Mfasiri wa Kiswahili angekumbana na mtihani uo huo. Aandike 'lilitoka', 'alitoka' au 'tulitoka'? Kila kiambishi humketisha msomaji mahali tofauti. Huenda angeokolewa na kitenzi-jina pamoja na kiambishi cha mahali, 'kutoka' na 'palikuwa', ambavyo havimtaji yeyote.

Kwa sababu hiyo, anayenunua kitabu cha Kijapani kilichotafsiriwa atazame jina la mfasiri kama anavyotazama la mwandishi. Riwaya ya Matsumoto, kwa mfano, ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1970, kisha ikatafsiriwa upya mnamo 2022. Mauaji ni yale yale na ratiba ni ile ile, lakini anayesimulia safari amebadilika.