Kura na Sababu Zake: Wajibu wa Mbunge wa Kenya Kuwajibu Wananchi

Kifungu cha 95 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka Bunge la Kitaifa liwawakilishe wananchi wa maeneobunge, tena lijadili na kutatua masuala yanayowahusu. Siasa zetu zimeupasua wajibu huo vipande viwili. Kero za mashinani, kama karo, barabara na gharama za mazishi, mbunge huzijibu mwenyewe, mara nyingi papo hapo na kwa fedha taslimu. Sera za kitaifa humwachia kinara wa chama na kiranja wake. Makala haya yanadai kwamba mpasuko huo hauna msingi, na kwamba kauli ya mbunge hustahili kuitwa jibu pale tu inapoeleza sababu za kura yake.

Mswada wa Fedha wa 2024 ni ushahidi tosha. Ulipendekeza mkate utozwe ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Bei ya mkate ni sera ya Hazina Kuu na papo hapo ni kero ya kila kioski. Vijana walisambaza nambari za simu za wabunge, wakawapigia na kuwamiminia jumbe. Juni 18, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kwamba mapendekezo hayo mawili, pamoja na mengine, yameondolewa. Tangazo hilo lilitolewa Ikulu baada ya mkutano wa wabunge wa muungano tawala, Kenya Kwanza, si ndani ya ukumbi wa Bunge. Maoni ya umma yalipokewa na kamati ya Bunge, lakini jibu likatoka kwa Rais na muungano wake.

Juni 25, wabunge 195 waliupitisha mswada na 106 wakaupinga. Waandamanaji waliopinga mswada huo wakavamia majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Waliopiga kura ya ndiyo wakajikuta wakitetea mswada uliokataliwa na Rais wao mwenyewe. Aliyekuwa ameupigia kura kwa sababu zake mwenyewe angeweza kuzieleza hata siku hiyo. Aliyefuata amri ya kiranja hakuwa na la kusema.

Utiifu huo kwa chama si tabia ya mtu mmoja mmoja tu. Kifungu cha 103 kinampokonya kiti mbunge anayehesabiwa kuwa amekihama chama kilichomdhamini, ilhali haki ya wapigakura kumwondoa mbunge, iliyo katika kifungu cha 104, imedhoofika tangu Mahakama Kuu ibatilishe, mwaka 2017, baadhi ya vipengele vya sheria ya kuitekeleza. Chama kina rungu karibu, mpigakura anasubiri miaka mitano. Hapo katikati mbunge hujikinga kwa basari na harambee, maana mkono mtupu haulambwi.

Wapo watakaosema kwamba mbunge si tarishi, na kwamba amechaguliwa atumie akili yake. Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza, aliwaeleza hivyo wapigakura wa Bristol mwaka 1774. Hoja hiyo ina uzito, ila ina masharti: Burke alisema wazi mbele yao, na mwaka 1780, alipoona hawako naye tena, akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Anayedai uhuru wa kufikiri anadaiwa maelezo ya alichofikiri.

Deni hilo la maelezo limefika hadi mahakamani. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikishikilia, miongoni mwa mengine, kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini limekubali au kukataa maoni ya umma. Oktoba 29, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Hata hivyo, Bunge halihitaji kushurutishwa na mahakama. Kanuni zake za Kudumu zinaweza kuagiza kila ripoti ya kamati ionyeshe hoja kuu za wananchi na sababu ya kila moja kukubaliwa au kukataliwa, na kila mbunge aeleze kura yake kwa maandishi katika ofisi ya eneobunge.

Nasi wapigakura tuna la kufanya. Mbunge akija na hundi ya basari, tuipokee, kwa kuwa ni fedha zetu. Kisha tumuulize alivyopiga kura na kwa nini.